Pikipiki ya theluji: Siti ikilowa, safari iko hatarini

MADEREVA wa bodaboda wa Kampala, Kigali, Bujumbura na Dar es Salaam wanajua kwamba siti ikichakaa, kazi yote inachakaa. Sponji ikibonyea, mgongo unauma. Kava likipasuka, mvua inaingia, na abiria akishuka suruali imelowa. Dawa yake iko mtaani: fundi wa siti, kisu kikali, sponji mpya, gundi na stepla, na kabla ya jua kuzama pikipiki imerudi kazini.

Katika nchi za kaskazini ya mbali kuna chombo kinachofanya kazi ileile ya bodaboda, ila hakina magurudumu. Mbele kina skii mbili za kuongozea, na nyuma kina mkanda mpana wa mpira unaozunguka na kukisukuma juu ya theluji. Wazungumzaji wa Kifaransa wa jimbo la Quebec nchini Kanada wanakiita “motoneige”, yaani pikipiki ya theluji. Kwa Wafini ni “moottorikelkka”, sleji yenye injini.

Huko nako siti zinapasuka na sponji zinabonyea. Tofauti ni kwamba maji yakishaingia ndani ya siti hayakauki, yanaganda. Kwa sababu hiyo wamiliki wengi wa mashine hizo wamejifunza kuifumua siti wenyewe, kuiinua, kuivisha kava jipya na kuitia joto la umeme. Kazi hiyo haihitaji karakana kubwa. Inahitaji mpangilio, kwa sababu kosa moja la nyaya linaweza kumwacha msafiri nyikani na betri iliyokufa, katika baridi ya nyuzijoto 30 chini ya sifuri.

Chombo kilichotokana na msiba

Historia ya mashine hizi haiwezi kutenganishwa na jina la Joseph-Armand Bombardier, fundi makanika aliyezaliwa mwaka 1907 katika eneo la Valcourt, Quebec. Katika majira ya baridi ya mwaka 1934, mwanawe mdogo, Yvon, aliugua ghafla ugonjwa wa tumbo uliohitaji upasuaji. Barabara zote zilikuwa zimefunikwa na theluji, na hospitali ilikuwa mbali. Bombardier alikuwa akifanya majaribio ya gari la theluji, lakini halikuwa limekamilika. Mtoto alifariki dunia.

Mwaka 1937 alipata hataza ya mfumo wake wa kuendesha gari juu ya theluji, na akaanza kuuza B7, gari lililobeba watu saba. Baadaye ikaja B12 ya watu kumi na wawili. Magari hayo yalitumika kama ambulansi, mabasi ya shule na vyombo vya posta. Mwaka 1959 alitoa chombo kidogo cha mtu mmoja au wawili, Ski-Doo, na moja ya mashine za kwanza ilikwenda kwa padri mmisionari aliyekuwa akihudumia jamii za wenyeji wa kaskazini ya Ontario. Upande wa Marekani, kampuni ya Polaris ya mji mdogo wa Roseau, Minnesota, ilikuwa imekwisha kuanza kutengeneza mashine zake katikati ya miaka ya 1950.

Kwa hiyo, ingawa leo watalii wanakimbizana nazo kwa starehe, mashine hizi zilianza kama jibu la swali ambalo mtu wa kijijini Afrika Mashariki analielewa: mgonjwa atafikaje hospitali pale ambapo gari halipiti?

Vijiji visivyounganishwa kwa barabara

Swali hilo bado liko hai. Nunavut, eneo la kaskazini ya Kanada lililoundwa rasmi Aprili 1, 1999, lina makazi 25, na hakuna barabara inayounganisha kijiji kimoja na kingine. Meli zinafika majira ya joto barafu ikiyeyuka. Miezi mingine mizigo inategemea ndege. Wainuit wanaokwenda kuwinda au kuvua samaki chini ya barafu wanatumia pikipiki za theluji zinazovuta sleji ya mbao iitwayo qamutiik. Mtu wa huko siti ikimharibikia, hawezi kwenda mtaa wa pili kutafuta nyingine. Mpya italetwa kwa ndege, na nauli ya mzigo mkubwa na mwepesi kama siti inauma.

Kaskazini ya Ufini, mwanaanthropolojia Pertti Pelto alifuatilia jinsi mashine hizi zilivyoingia kwa Wasami wa Skolt, wafugaji wa reindia, wanyama wa jamii ya kulungu wanaoishi nchi za baridi. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1973, alieleza kwamba zilipowasili mwanzoni mwa miaka ya 1960 hazikuleta kasi peke yake. Zamani mfugaji alisafiri kwa sleji iliyovutwa na reindia wake mwenyewe, aliyejitafutia chakula chini ya theluji. Mashine ilihitaji petroli, vipuri na fedha taslimu. Waliomudu gharama waliendelea kufuga, na wengine wengi wakajikuta nje ya ufugaji.

Hapo ndipo uzito wa ufundi wa nyumbani unapoonekana. Kila kinachotengenezwa kwa mkono wa mwenye mashine ni fedha iliyobaki nyumbani, na ni kitu kimoja pungufu cha kungojea kutoka kiwandani.

Kwa nini baridi huingilia kwenye siti

Upepo ndio adui wa kwanza. Kwa kanuni ambayo Kanada na Marekani zimeitumia tangu 2001, hewa yenye nyuzijoto 20 chini ya sifuri, mtu akiikata kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, huipiga ngozi iliyo wazi kama baridi ya nyuzijoto 35 chini ya sifuri. Ndiyo maana vishikio vya usukani vyenye joto ni jambo la kawaida kwenye mashine za kisasa.

Siti ina tatizo la namna nyingine. Nguo nzito haipashi mwili joto. Inachofanya ni kushika hewa katikati ya nyuzi zake, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoroke. Mtu anapoketi, uzito wake unaibana nguo na kuifukuza hewa. Chini ya makalio na mapaja, koti la bei kubwa linakuwa kitambaa chembamba tu. Kama siti iliyo chini yake imelowa na kuganda, joto la mwili linanyonywa saa nzima ya safari.

Wasami walikuwa na jibu lao kabla ya umeme: ngozi ya reindia. Manyoya ya mnyama huyo yana uwazi ndani uliojaa hewa, na hayabanwi kwa urahisi kama sufu. Hadi leo, ngozi iliyotandikwa juu ya kiti ni kinga isiyohitaji fyuzi wala betri.

Kukausha kwanza

Kosa linalofanywa na wengi ni kununua pedi ya joto na kuitia juu ya sponji iliyolowa. Umeme wote unaishia kupasha maji, na unyevu unazila nyaya. Siti lazima ikauke kwanza.

Kazi huanza kwa kuing’oa siti, ambayo kwa kawaida imeshikwa na boliti chache au kufuli za nyuma. Mashine nyingi zina waya wa taa ya nyuma unaopita kwenye siti, hivyo huchomolewa kabla ya kuvuta. Kisha siti hugeuzwa, na pini za stepla hutolewa moja moja kwa bisibisi bapa na koleo. Kava la zamani halitupwi hata kama limechanika, kwa kuwa ndilo kipimo cha kukatia jipya.

Sponji nyingi za siti ni za matundu yaliyoungana, kama sponji ya kuoshea vyombo: zinafyonza maji na hazikubali kuyaachia. Ya namna hiyo ikiwa haijaoza, hukamuliwa na kuachwa ndani ya nyumba yenye joto kwa siku kadhaa. Iliyovunjika na kutoa unga haifai tena. Ipo pia sponji ya matundu yaliyofungwa, ngumu zaidi, isiyonywa maji. Wajuzi huweka hiyo chini na kuacha laini juu, ili siti isiwe jiwe na isiwe godoro.

Kuinua na kuchonga

Siti za zamani zilikuwa chini. Mrefu akikaa, magoti yanapanda karibu na kifua, na akitaka kusimama kwenye mabonde anajivuta kwa mikono. Kuinua siti kwa sentimita tano hadi kumi kunampunguzia kazi ya magoti na mgongo. Kuzidisha nako kuna hasara: uzito unapanda juu, chombo kinayumba kwenye kona, na kioo cha mbele hakimkingi tena na upepo.

Mafundi wa nyumbani huchonga sponji kwa kisu cha umeme cha kukatia nyama, kinachopita laini bila kuvuta, kisha husawazisha kwa msasa. Jambo moja hawalirukii: kabla ya kupaka gundi, siti hurudishwa juu ya mashine, mwenyewe huvaa nguo zake zote za baridi na viatu vyake, akaketi na kusimama mara kadhaa. Siti iliyopimwa kwa suruali nyepesi huwa si ileile kwa mavazi ya safari.

Kava nalo lina masharti yake. Ngozi bandia ya kawaida inayovishwa kwenye makochi hukakamaa kwenye baridi kali na kupasuka pembeni. Inayotakiwa ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya boti au kwa baridi, ambayo muuzaji anataja kiwango cha baridi inachokistahimili bila kupasuka. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji, hivyo mishono hufanywa michache, huwekwa pembeni badala ya mahali pa kukalia, na huzibwa kwa gundi isiyopitisha maji.

Kava huvutwa likiwa na joto la ndani ya nyumba, maana likiwa baridi halinyooki. Hubanwa mbele na nyuma kwanza, kisha pande mbili kwa zamu, kutoka katikati kwenda pembeni. Pini ziwe za chuma kisichoshika kutu, na urefu wake ulingane na unene wa plastiki ya chini.

Hesabu ya joto

Pedi za joto zinazouzwa kwa ajili ya viti vya magari zinafaa pia hapa, kwa kuwa zinatumia volti 12. Zipo za waya na zipo za nyuzi za kaboni. Za waya hazikatwi. Za kaboni, baadhi zinaruhusu kupunguzwa mahali palipowekewa alama na mtengenezaji. Aina zote hazitakiwi kukunjwa kwa pembe kali. Pedi hukaa juu ya sponji iliyochongwa, juu yake sponji nyembamba ya milimita chache ili mtu asihisi nyaya, kisha karatasi nyembamba ya nailoni, ndipo kava.

Hesabu yake ni ya darasani. Pedi ya wati 40 kwenye volti 12 hula ampea 3.3. Injini ikiwaka, mfumo wa umeme hupanda hadi kama volti 14, na pedi hiyohiyo itavuta karibu ampea 3.9 na kutoa wati 54 hivi. Fyuzi ya ampea 5 inatosha, nayo hukaa karibu na betri, si karibu na siti, ili waya wote ulindwe. Waya huo usipite karibu na bomba la moshi, na usisuguane na tangi la petroli ambalo kwenye mashine nyingi liko mbele ya siti au chini yake.

Mwenye mashine ya zamani ana hesabu nyingine ya kufanya. Baadhi ya mashine hizo hazina betri, na jenereta yake ndogo iliyomo kwenye injini iliundwa kwa ajili ya taa na vitu vichache. Kama taa ya mbele inakula wati 60 na vishikio wati 30, pedi ya wati 40 inafikisha jumla ya 130, na huenda ikazidi uwezo wa jenereta, hasa injini ikinguruma polepole. Umeme wa mashine hizo ni wa mkondo geu. Pedi ya kawaida haibagui, lakini yenye kidhibiti cha elektroniki hutaka mkondo mnyoofu, na bila kigeuzi itaungua.

Relei inayolinda safari ya kurudi

Hatari kubwa ya siti yenye joto huja mtu anaposhuka. Mvuvi amefika ziwani, amezima injini, anatoboa barafu, na swichi ya siti imebaki imewashwa. Betri ya kawaida ya ampea-saa 18, ikiwa kwenye nyuzijoto 18 chini ya sifuri, hutoa takriban nusu tu ya uwezo wake. Pedi inayokula ampea 3.3 itaimaliza kwa muda usiofika saa tatu, na betri haihitaji kuisha kabisa ndipo ishindwe kuzungusha injini. Mashine nyingi za injini kubwa za mapigo manne hazina kamba ya kuvuta kwa mkono. Betri ikifa, chombo kimekufa.

Kwa hiyo pedi haiunganishwi moja kwa moja na betri. Huwekwa relei inayopata amri kutoka kwenye waya unaopata umeme pale tu ufunguo ukiwashwa. Ufunguo ukizimwa, joto nalo linazima, mtu akumbuke au asikumbuke. Kifaa hicho ni cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi hii, na ndicho kinachoamua kama mtu atarudi nyumbani.

Kipimo cha mwisho hufanyika uani, si safarini. Injini inawashwa, taa na vishikio vinawashwa, kisha siti. Voltimita ikiwekwa kwenye betri isome zaidi ya volti 13. Ikishuka hadi karibu na 12, maana yake jenereta imeshindwa na betri ndiyo inayolipa. Hapo dawa ni kuchagua pedi ndogo, au kuzima kimojawapo.

Waangalifu zaidi

Joto lenyewe linaweza kuumiza. Ngozi iliyogusana na kitu cha nyuzijoto 44 kwa saa nyingi huweza kuungua bila mtu kuona moto. Mwenye hisia kamili atasogea. Mwenye kisukari kilichoharibu mishipa ya fahamu, au aliyepooza sehemu ya chini ya mwili, hatasikia kitu. Pedi yenye kirekebisha joto kinachokata umeme kabla ya kufika huko ni ya lazima kwao, na wengine pia hawapotezi kitu kwa kuwa nayo.

Aidha, mashine ikiwa mpya na bado ina dhamana ya kiwanda, kuchezea nyaya zake kunaweza kumpa muuzaji sababu ya kukataa kuitengeneza. Wengi hungoja dhamana iishe, au hutumia kava la joto la kuvalisha juu linalochomekwa kwenye soketi.

Somo la bodaboda

Hakuna pikipiki za theluji Afrika Mashariki, na barafu ya Kilimanjaro, Kirinyaga na Ruwenzori haina kazi nazo. Hata hivyo madereva wa Makete, Limuru, Kabale na Musanze wanaijua baridi ya alfajiri, na kila mwenye bodaboda siku hizi ameongeza kitu kwenye betri yake: chaja ya simu, redio, taa za rangi au honi kubwa. Vingi vimeungwa moja kwa moja kwenye betri, bila fyuzi wala relei, kwa waya uliofungwa kwa utepe.

Kanuni za kaskazini zinamhusu yeye pia. Ajumlishe wati kabla ya kuongeza mzigo. Fyuzi ikae karibu na betri. Kinachoongezwa kizimike ufunguo ukizimwa. Na siti ikichanika kidole kimoja, izibwe siku hiyohiyo, maana usipoziba ufa utajenga ukuta, na maji ya masika hayana subira kuliko theluji.

Kwa fundi wa siti wa mtaani, vitu viwili tu katika kazi hii ni vigeni kwake: pedi na relei. Kuchonga sponji, kuvuta kava bila mkunjo, kupima kwa kumkalisha mwenyewe dereva, hayo anayafanya kila siku chini ya mwembe. Wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia Minnesota, Kanada na Ufini, na waliotoka na ufundi huo nyumbani, wanaweza kuutumia huko bila kuanza upya.